Mshono Haukufumuka

Mtwara, Jumanne, 21 Agosti 2007

Fabiani,

Leo upepo umetulia na jua linawaka, lakini mimi nina baridi. Nimekaa kwenye chumba cha intaneti karibu na soko, nimejifunga kitenge juu ya sweta, na binti wa hapa ameniuliza kama nina malaria. Nimemwambia sina. Vidole vyangu vinagonga herufi mbilimbili. Nafuta, narudia.

Nimerudi jana kutoka Newala. Jumamosi tulikuombea misa ya mwaka. Jumapili Chande alinipeleka ukingoni, pale ulipokuwa unarukia.

Sasa najua.

Nilidhani nikishajua nitalia. Sijalia. Nilifika nyumbani Magomeni, hapahapa Mtwara, nikafagia ua, nikawapa kuku maji, nikakaa kwenye cherehani na kusahau nilikaa ili nifanye nini. Jirani alipita akasema, "Pole na safari, dada Sofi," nikamjibu, "Karibu chakula," na chakula hakikuwepo.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa akisema ukichanganyikiwa, anza na lililotangulia. Wapo watu wachache wanaosoma ukurasa wangu huu wa intaneti na hawakujui. Nitaanza na lililotangulia.

Lililotangulia ni tiara.

Ulikuwa dereva wa yule mgeni aliyekuja kuchimba visima kule juu kwenye uwanda wa Newala, yule tuliyemwita Bwana Visima. Siku za kazi mlizunguka na mabomba. Jumapili alishusha kutoka juu ya gari mfuko mrefu kama jeneza la mtu mwembamba, akatoa vyuma vyepesi na kitambaa kigumu, akaviunga kwa muda wa saa nzima, na mwisho wake ikawa bawa moja pana kuliko paa la jiko letu. Halina injini. Mtu anavaa vazi la mikanda, analifunga kwenye bawa kwa kulabu ya chuma, anakimbia kuelekea genge, pale ardhi inapokatika ghafla, na upepo unaopanda kutoka bondeni unamchukua. Huko juu ananing'inia kifudifudi, ameshika fimbo, akiusogeza mwili kulia bawa linaenda kulia.

Watu wa kule waliiita popo. Wewe uliiita tiara, kwa sababu ya zile tiara tulizotengeneza kwa magazeti na njiti za fagio, tukagundisha kwa ugali wa jana. Mimi ndiye niliyeshika uzi. Ulikuwa na miaka saba, Mama alikuwa ametoka kufariki, na ukipewa uzi uliuachia makusudi ili uone tiara itaenda wapi.

Bwana Visima alikufundisha miaka miwili. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, akakuachia tiara wewe na Chande, fundi wa pampu. Tangu hapo kila kiangazi mlikuwa mnapanda kule.

Nilikuja kutazama mara moja tu. Ulipokimbia ukatoweka nilitapika kando ya jiwe. Uliporudi kwa miguu kutoka bondeni, jasho tupu na majani kichwani, ulinikuta bado nimeinama. Ukasema, "Dada, nimeruka mimi, mbona unatapika wewe?" Chande akacheka mpaka akakaa chini.

Sikurudi tena.

Lakini mwaka jana mwezi wa saba ulikuja Magomeni umebeba kitambaa cha tiara kwenye gunia. Panya wa stoo ya Chande walikuwa wamekitafuna, tundu la kama mkono wangu kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa na mabaki ya kitambaa kilekile aliyoyaacha Bwana Visima. Nilikata kiraka, nikakiunguza kingo kwa mshumaa ili nyuzi zisitoke, nikakishona. Sindano mbili zilivunjika. Wewe ulikaa juu ya gunia la makumbi unakula mihogo yangu, unanitania.

"Shona vizuri, fundi. Mteja huyu hatarudi kulalamika."

Nilicheka. Naapa nilicheka. Halafu nikapitisha mshono mara tatu.

Haikupita miezi miwili nikaletewa habari.

Kitambaa nacho kililetwa msibani, kimekunjwa, kimechanika. Wazee walikigusa kwa ncha za vidole. Baba mdogo Kosmasi alikitazama mahali penye kiraka, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua itachelewa, "Kimeachia hapa. Mshono wa cherehani ya nyumbani ungebeba mtu?" Hakukusudia kunichoma. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia la chai ya wazee. Nikaligawa lote, vikombe vyote, bila kumwaga.

Mwaka mzima nimeishi na sentensi ile.

Sijamshonea mtoto nguo tangu siku ile. Wakiniletea sare za shule nasema cherehani mbovu. Nashona foronya, mapazia, mifuko ya sokoni, na kila mshono napitisha mara tatu. Mama mmoja wa nyuma ya msikiti aliniambia, "Wewe Sofi, hiki ni kitambaa cha meza, si gunia la korosho! Nani atakivuta?" Wenzake wakacheka na mimi nikacheka. Usiku ule sikula.

Nilikuwa na kitu kimoja cha kunituliza, na hicho nacho ningependa wasomaji wakijue.

Mimi na wewe tulikuwa na desturi yetu ya simu. Vocha ilikuwa ngumu, kwa hiyo tulibipiana. Kubipu mara moja, simu inalia kidogo unakata, maana yake ni: nimekukumbuka. Hakuna jibu linalotakiwa, ila ukipenda na wewe unabipu mara moja. Kubipu mara mbili maana yake ni: kuna jambo, nipigie. Ya mara mbili tuliitumia siku moja tu, shangazi alipoanguka kisimani. Uliazima vocha kwa watu watatu ili unipigie.

Siku uliyoondoka nilikubipu asubuhi, kama saa nne. Nilikuwa kazini, sikutazama simu tena mpaka nilipomaliza. Nikakuta umenipigia mara moja na sikupokea.

Mara moja. Nimekukumbuka, dada.

Mwaka mzima nimeishi na hiyo pia. Simu ile ya zamani niliacha kuitumia ili rekodi hiyo isifutike. Iko kwenye kopo la vifungo. Nikizidiwa naichaji, naifungua, natazama jina lako na ile namba moja pembeni, hesabu ya simu nisizopokea. Nilikuwa najiambia: hata kama mshono wangu ndio uliomwangusha, alikwenda akiwa amenikumbuka. Hata kama.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Newala kulikuwa na ukungu, ule wa asubuhi unaolowesha nywele. Chande alinifuata kwa shangazi akiwa na kofia ya sufu na gunia begani. Amekonda, Fabiani. Misani alikaa benchi la mwisho, na wakati wa chakula sikumwona. Mimi ndiye niliyemwomba anipeleke. Akasema, "Sawa, dada. Hata mimi nilikuwa natafuta siku."

Tulipita kwenye mikorosho, tukashika njia ya wanawake wanaoteka maji bondeni. Penye mteremko alisema, "Hapo pana utelezi."

Nilisahau jinsi mahali penyewe palivyo padogo. Jiwe bapa lililoinama kidogo, dogo kuliko ua wetu, halafu basi. Hakuna kitu. Ukungu ulikuwa unanyanyuka, na chini kabisa Ruvuma ilionekana nyembamba kama uzi uliodondoka sakafuni, na ng'ambo yake Msumbiji. Nikakumbuka ulivyokuwa unasema siku moja utaufuata mto huo kutoka hapa hadi kivuko cha Kilambo, upite juu ya watu wanaosubiri kuvuka, uendelee mpaka maji yanapokuwa ya chumvi. "Nitakupungia, dada, ukiwa umesimama pwani." Nilikuuliza utatua wapi. Ulisema hilo hujalifikiria.

Kile kitambaa chako cha kuonyesha upepo bado kipo. Kipande cha kitenge changu cha njano, umekifunga kwenye mti ulioshindiliwa kati ya mawe. Kimekuwa cheupe. Yule muuzaji aliniapia kuwa rangi haichuji.

Chande alifungua gunia. Nikajua ni nini kabla hakijatoka, nikageuza uso.

"Tazama, dada."

"Sitaki."

"Tazama nshono wako."

Nilitazama kwa sababu ya sauti yake. Alikuwa amekitandaza kitambaa juu ya jiwe na kukibana kwa mawe manne. Mchaniko ulikuwa mrefu kuliko mimi. Ulianzia ukingoni mwa bawa, ukaja moja kwa moja mpaka kwenye kiraka changu, na hapo ukapinda. Uliuzunguka mshono wangu, Fabiani, kama maji yanavyozunguka kigingi, ukaendelea upande wa pili. Mistari yangu mitatu ilikuwa imesimama vilevile. Nilipitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna hata uzi mmoja uliokatika.

"Kilichanikia kule chini kwenye miti," Chande alisema. "Nilikichomoa mimi mwenyewe. Kilikwenda peke yake, Fabi alikuwa ameshaanguka. Nshono wako haukumwangusha ntu."

Nilipata furaha. Niandike ukweli, nilipata furaha. Ilidumu kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano. Nilisema, "Asante Mungu," kwa sauti, nikaweka kiganja juu ya kiraka changu.

Halafu nikauliza, "Sasa kilichomwangusha ni nini?"

Chande alivua kofia. Alikaa chini, mgongo akiupa genge.

Kabla sijaandika maneno yake lazima nieleze kulala. Mtu akishajifunga kulabu, kabla hajakimbia, anajilegeza mzima akining'inia chini ya bawa huku mwenzake ameishika pua ya tiara. Wanahakikisha kulabu imeshika. Mwenye kuruka anaita, "Nalala!" na mwenzake akishaona kwa macho yake anajibu, "Umelala!" Bila jibu hilo hakuna kukimbia. Bwana Visima aliwafundisha kuwa ukichomoa kulabu hata kwa ajili ya kujikuna, unalala upya. Uliwahi kunionyesha hapo nyumbani, ukining'inia kwenye boriti ya jiko, na boriti ikalia.

Haya ndiyo aliyosema Chande. Nimejitahidi yasinipotee.

"Tulilala vizuri. Niliiona kulabu, nikamwambia umelala. Akawa anasubiri upepo, maana ulikuwa unakuja na kukata. Simu yake ikalia nfukoni. Ikalia kidogo, ikakata. Akacheka. Akasema, huyo dada. Hakuitoa. Halafu ikalia tena, ikakata."

Nikauliza, "Mara mbili?"

"Mara mbili. Hapo akabadilika uso. Akasema, Chande, shika, nimpigie dada. Akachomoa kulabu, akatoka chini ya tiara, akaenda pale." Alinionyesha mkorosho ulio peke yake nyuma yetu. "Hapa simu inalia, lakini ukiongea sauti inakatika. Pa kuongelea ni pale."

Chande hajui maana ya mara mbili. Hiyo ilikuwa lugha yetu, mimi na wewe.

Fabiani, sikuwa na jambo.

Nilikuwa nashona suruali ya mwalimu. Mkono mmoja ulishika kitambaa, mwingine simu. Nilibonyeza, sikusikia mlio, nikadhani haikuenda. Nikabonyeza tena. Basi. Nikaiweka simu juu ya gunia na kukanyaga pedeli. Sikukumbuka hata kidogo kwamba ya pili ina maana yake. Mwaka mzima nimehesabu mishono yangu na sikuwahi kuhesabu simu zangu.

Hiyo ndiyo sababu yote.

Nilimwona Chande anaongea, mdomo unakwenda, na masikioni mwangu kuna kelele ya cherehani. Ilibidi nimwambie arudie.

Akarudia. "Nasema alikupigia, ikalia mpaka mwisho, hukupokea. Akarudi anacheka. Akasema, hapokei, atakuwa anashona. Anayeshona hana nsiba. Ndo maneno yake. Na upepo ukaja, dada, mzuri kuliko yote ya mwaka ule, kitambaa kile kimenyooka kama bendera. Akaingia chini, akanyanyua, akasema twende. Mimi nikatoka mbele. Hakuita nalala. Na mimi sikunwuliza. Nilikuwa nimeshanlaza. Kichwani mwangu alikuwa ameshalala."

Ulikimbia hatua tano, Chande alizihesabu. Bawa lilinyanyuka na wewe hukunyanyuka nalo. Ulikuwa umeshika fimbo kwa mikono miwili, miguu inatafuta chini na chini haipo tena. Nilimuuliza kama ulipiga kelele.

"Hapana. Alisema 'aa', taratibu, kama ntu aliyekumbuka kuwa funguo kaziacha ndani."

Sina la kuongeza hapo.

Lakini yeye aliongeza. Alisema tiara ilipobaki yenyewe, nyepesi, ilipanda. Ilipanda juu sana, haikuwahi kupanda vile siku yoyote. Bondeni kulikuwa na wanawake wanaolima, walikuwa wamezoea kukuona, na walipoiona imefika kule hawakujua kuwa haina mtu. Walipiga vigelegele. Chande alivisikia akiwa anateremka genge kwa makalio na mikono, analia, na vile vigelegele vinaendelea.

Vigelegele, Fabiani. Tangu Jumapili ninavisikia. Hata sasa, binti wa hapa anaongea na mteja kuhusu kalamu na mimi navisikia.

Chande alipiga magoti mbele yangu, juu ya jiwe. Mtu mzima, baba wa watoto wanne. Alisema, "Nilitakiwa kunlaza tena. Kazi yangu ilikuwa hiyo moja tu. Na nsibani nilinsikia mzee Kosmasi analaumu nshono, nikanyamaza. Nilikuona umeshika sinia, nikanyamaza. Nnungu anajua, mwaka mzima nimekula chakula hakina ladha. Ukitaka kunshtaki ntu, nishtaki mimi."

Nilikuwa na haki ya kukasirika. Nilikitafuta kile kiburi cha kukasirika, sikukiona. Nilichoweza kusema ni, "Inuka, kaka Chande. Mawe yatakuumiza magoti."

Hakuinuka upesi. Alikuwa anangojea neno jingine, na mimi nilikuwa nalo. Simu ya pili ilikuwa yangu, haikuwa na maana yoyote, ni kidole tu. Ningesema hivyo tungekuwa wawili juu ya lile jiwe.

Sikusema.

Nilikunja kitambaa. Nikakikunja vizuri, pembe kwa pembe, kama ninavyokunja nguo ya mteja, nikakitia kwenye gunia nikakibeba mwenyewe. Tukarudi kwa njia ileile, na penye utelezi akanipa mkono. Kwa shangazi aliniaga kwa kunishukuru. Alinishukuru, Fabiani! Alisema leo atalala.

Njia nzima ya kurudi Mtwara, vumbi lote lile, nilikuwa nawaza kitu kimoja. Baba mdogo alinitwika mshono ambao haukuwa na kosa, na Chande alijua, akaniacha niubebe kwa sababu aliogopa. Sasa Chande amebeba kulabu peke yake, na mimi najua kilichokuchomosha kulabu hiyo. Nami nimenyamaza. Nimemfanyia kilekile alichonifanyia, na mimi nimemtazama machoni.

Na ile namba moja kwenye simu ya zamani. Jana nimeitoa kwenye kopo la vifungo, nikaitazama. Hukuwa unanikumbuka. Ulikuwa unanipigia kuniuliza nina nini, na simu ililia mpaka ikakoma hatua mbili kutoka kwenye goti langu, na mimi napiga pedeli. Kitu nilichokitunza mwaka mzima hakikuwa kile nilichodhani. Niliishika ile simu kama mtu anayeshika kitu cha mwizi.

Nimekaa hapa muda mrefu. Binti ameniletea maji.

Ninayarudia maneno yako, yale Chande aliyoyataja kwa kupita, hakujua ameyabeba kwa ajili ya nani. Atakuwa anashona. Anayeshona hana msiba. Kwa hiyo uliporudi kutoka kwenye mkorosho hukuwa na hofu. Ulijua mimi ni mzima. Uliisikia simu inalia bila kupokelewa, na ukaiona cherehani, na mguu wangu, na gunia uliloketi, yote ukiwa kule juu. Ulicheka. Sijui kama hilo linanipunguzia au linaniongezea. Bado sijui. Kila nikilishika linabadilika uzito.

Ila najua ninachotakiwa kufanya nikitoka hapa.

Nimeshanunua vocha. Nitampigia Chande. Sitambipu, nitampigia, na ataipokea, nami nitamwambia habari ya simu mbili tangu mwanzo, pole pole, mpaka aelewe kuwa tulikuwa watatu pale ukingoni: yeye, wewe, na kidole changu. Akinyamaza nitasubiri. Akinilaumu nitamsikiliza. Halafu nitampelekea Baba mdogo kile kitambaa, nikitandaze mbele yake, apitishe kidole mwenyewe. Nitamwambia mshono haukufumuka. Nitamwambia na lile jingine pia, kabla hajafurahi.

Na kesho nitamwita mama mmoja kati ya wale walioniletea sare za shule. Sijui kama mikono itakubali. Nitajaribu na kaptula moja.

Sitaki unisamehe kwa haraka, ulikuwa na haraka siku zote. Nimeileta ile simu ya zamani, iko hapa mezani pembeni ya maji, imechajiwa. Najua haitalia. Lakini kama huko uliko watu bado wanakumbukana, na mimi nikumbuke, Fabiani.

Mara moja inatosha. Nitaelewa.

Dada yako,
Sofi